Bei Iliyofunikwa Kitambaa

Kwa miaka tisa Marietha Tluway amekaa mlangoni mwa choo cha kulipia cha stendi ya Babati, na katika miaka hiyo amesikia kila aina ya uongo unaoweza kusemwa na mtu aliyebanwa na haja. Wapo wanaosema walilipa asubuhi. Wapo wanaodai wanaingia kunawa mikono tu. Mzee mmoja mwenye koti la suti aliwahi kumwambia kwamba yeye ni mkaguzi wa vyoo kutoka Dodoma. Marietha akamwomba kitambulisho, na mzee akatoa mia tatu.

Hakuzaliwa na shaka. Ilimwingia kazini, kama harufu ya dawa ya kusafishia inavyoingia kwenye nguo na kukataa kutoka. Noti ya elfu kumi aliinua juu aiangalie kwenye mwanga. Ujumbe wa kwamba ameshinda pikipiki alimsomea jirani kwa sauti ili wacheke wote wawili. Tangu mumewe afariki, na mwanawe Konstantini aende kambini JKT, aliishi peke yake katika vyumba viwili kule Nakwa, na mtu aliyebisha hodi alijibu maswali matatu kabla komeo halijafunguliwa.

Ndiyo maana Irine alijua kabisa atakachoambiwa siku ile alipobandika bango.

Irine alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, wakala wa kusajili laini, na mwavuli wake ulikaa hatua nane kutoka kwenye kiti cha Marietha. Ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Alikuja na ndoo ya gundi na bango refu la kampuni yake ya simu, akalibandika kwenye ukuta wa choo, kwa kuwa ukuta ule ulionwa na kila aliyeshuka kwenye basi. Bango lilionyesha simu iliyofunikwa kitambaa cheusi, imetokeza kona moja tu. Chini yake paliandikwa: INAKUJA JULAI. BEI AMBAYO HUJAWAHI KUISIKIA.

"Shikamoo, Mama Konsta."

"Marahaba. Hii ni nini?"

"Simu mpya. Simu janja ya kampuni yenyewe. Wanaileta mpaka hapa hapa Babati, na hema na muziki."

"Bei gani?"

"Hawajasema. Ndiyo utamu wake."

Marietha alilitazama bango kuanzia juu mpaka chini. "Mtu akiuza nyanya," akasema, "hafuniki nyanya. Anafunika zile zilizooza."

Irine akacheka, akarudi kwenye mwavuli wake. Lakini mchana wote, kati ya mteja na mteja, Marietha aligeuza shingo kuitazama ile kona ya simu. Hilo Irine hakulitegemea. Mama huyu alikuwa na kitochi chake cha vitufe, kimefungwa mpira wa tairi la baiskeli ili betri isichomoke, na kwa miaka yote alikuwa akisema kwamba simu ya kupangusa ni mlango ambao mtu anamfungulia mwizi mwenyewe.

Siku ya tatu Marietha aliinuka na kuuliza, "Hiyo simu yenu ina kamera ya mbele? Ile ya mtu kujiona?"

"Ipo bila shaka. Unataka kujipiga picha, mama?"

"Nataka kumwona mdogo wangu."

Akamweleza, na kabla ya siku ile alikuwa hajamweleza mtu yeyote stendi.

Mdogo wake alikuwa anaitwa Benadetha. Alizaliwa kiziwi huko kwao kwenye milima ya Mbulu, na kabla hajapelekwa shule ya viziwi akiwa na miaka tisa, mtu pekee aliyezungumza naye alikuwa Marietha. Walitengeneza lugha yao wenyewe ya mikono: alama ya maziwa, alama ya baba kakasirika, alama ya mvua ya mawe. Shuleni Benadetha akafundishwa lugha ya alama, na kila likizo alirudi nayo nyumbani, akamfundisha dada yake karibu na moto, mpaka lugha zile mbili zikachanganyika zikawa moja. Jina la Marietha katika lugha hiyo lilikuwa kidole kupita juu ya nyusi ya kushoto, pale alipokuwa na kovu la kuanguka kwenye jiwe la kusagia.

Mwaka juzi Benadetha alikwenda Mafinga kufanya kazi katika kiwanda cha mbao. Marietha hakutaka. Walibishana siku mbili kwa mikono, wakanyamaza kwa kuiweka mikono mapajani, na siku ya tatu Benadetha akapanda basi. Kutoka huko aliandika ujumbe mfupi kila Jumamosi. Aliandika jinsi viziwi wengi wanavyoandika, akipanga maneno ya Kiswahili kwa mpangilio wa mikono. *Dada mimi kazi maliza, chakula nyumba mama Rogathe kula, baridi sana.* Mama Rogathe alikuwa mwenye nyumba ambayo Benadetha alipanga. Kwa mshahara wake wa pili Benadetha alinunua simu janja, na tangu hapo kila ujumbe ulimalizika hivyo hivyo: *Simu kubwa nunua. Mikono ongea sisi.* Na kila Jumamosi Marietha alijibu kwamba atafikiria, kwa sababu alikuwa hawaamini wauza simu.

"Sasa tangu Pasaka," akamwambia Irine, "ujumbe umebadilika. Soma mwenyewe."

Irine akakipokea kitochi. *Shikamoo dada. Natumaini u mzima wa afya. Mimi naendelea vema na kazi. Tafadhali usihangaike kuja huku kwa sasa, kwani nitakuwa na shughuli nyingi. Ubarikiwe.*

"Mbona ujumbe mzuri tu?"

"Ndiyo ubaya wake. Huyu si Benadetha. Benadetha hajaniandikia shikamoo hata siku moja. Hajui 'kwani', hajui 'ubarikiwe'. Huu ni mkono wa mtu aliyesoma, ameshika simu ya mdogo wangu."

"Labda ni matapeli. Wameomba hela?"

"Ningelala usingizi wangu kama wangeomba. Nangoja waseme ile hela itume kwenye namba hii. Miezi miwili sasa, hawaombi kitu. Mwizi asiyechukua kitu, Irine, amefuata nini?"

Aliwahi kupiga namba ile, akijua kwamba kiziwi hawezi kumsikia. Alitaka tu kujua nani atapokea. Simu ilipokelewa. Alisikia pumzi, na nyuma ya pumzi jogoo akiwika, kisha ikakatwa. Aliomba ruhusa ya siku nne kwa Salimu, mwenye zabuni ya choo, ili asafiri Mafinga. Salimu alimjibu kwamba ruhusa ipo, ila akirudi asishangae kumkuta mtu mwingine kwenye kiti.

Irine alikuwa na moyo mwepesi. Alitoa simu yake, akaingiza namba ya Benadetha, akampa Marietha, ikapigwa kwa video. Iliita mpaka ikachoka. Marietha akaandika kwenye kitochi kwamba ni yeye anayepiga, wakajaribu tena. Baada ya robo saa uliingia ujumbe kwenye kitochi: *Dada, sipokei namba nisiyoifahamu. Siku utakayonunua simu yako mwenyewe tutaongea kwa mikono. Naahidi.*

Marietha aliusoma mara mbili. "Ameahidi kwa sababu anajua sitanunua," akasema. "Yeyote yule aliyeandika, ananifahamu."

Basi Juni nzima watu wa stendi walisubiri bei, na Marietha alisubiri zaidi yao ingawa hakuonekana kusubiri. Kila mtu alikuwa na bei yake. Makondakta walisema elfu hamsini. Muuza karanga alisikia kwa shemeji yake wa Arusha kwamba ni bure, mtu analipia bando tu. Kuyioni, mfugaji kutoka Simanjiro aliyekuja mnadani kila mwezi, alisimama mbele ya bango akiwa na fimbo mabegani, akauliza kama ile simu inakaa na chaji siku tatu, maana huko kwake umeme wa kuchaji uko mwendo wa nusu siku. Irine hakujua. Akauliza kama inapokea laini mbili. Hakujua pia.

"Wewe muuzaji hujui unachouza?" Marietha akamwuliza Irine, Kuyioni alipokwisha kuondoka.

"Hawatuambii, mama. Semina ilikuwa ya nyimbo na kupiga makofi. Tumepewa fulana."

"Nani kakwambia usiulize?"

Kuanzia siku ile Irine alianza kuuliza. Alimpigia msimamizi wake, akaambiwa asubiri siku yenyewe. Alipiga tena, akaambiwa kwamba wakala mzuri haharibu mshangao wa mteja. Siku hiyo Irine alirudi kwenye mwavuli, na Marietha akamtuma alete chai mbili badala ya moja, ya pili ikiwa ya Irine mwenyewe.

Hema lilisimamishwa Jumamosi ya kwanza ya Julai, upande wa juu wa stendi, na spika zake zilizima hata honi za mabasi. Ofisa masoko, kijana aliyevaa miwani ya jua ingawa kulikuwa na mawingu, alivuta kile kitambaa cheusi huku watu wakihesabu kuanzia kumi kurudi nyuma. Simu ilikuwa nyembamba, ya bluu.

"Elfu sabini na tisa!" akapaza sauti. "Sabini na tisa tu, unaondoka nayo leo!"

Kelele zilizopigwa zilisikika mpaka Bagara. Watu wakaanza kupanga foleni. Marietha, aliyekuwa amemwachia mwanamke wa usafi kiti kwa nusu saa, alipita pembeni mpaka mbele akainua mkono. Ofisa alidhani anataka kucheza, akamsogezea maikrofoni.

"Naomba kuuliza, baba. Nikilipa hiyo sabini na tisa, mmenimaliza?"

"Unaondoka nayo leo leo, mama!"

"Nimesikia. Nauliza kama mmenimaliza au mtanifuata nyumbani."

Watu wakacheka. Ofisa naye akacheka, akairudisha maikrofoni kifuani. "Kuna kalipo kadogo ka siku, mama, hata hutakasikia. Twende kazi! Muziki!"

Marietha hakucheka. Alikwenda kwenye meza akaomba karatasi ya masharti. Msichana wa mezani alimwambia masharti yako ndani ya simu, mteja anayasoma akishanunua. Marietha akasema yeye hununua akishasoma. Ilibidi Irine aende nyuma ya hema na kurudi na karatasi moja iliyokunjwa, yenye maandishi madogo kama mbegu za ufuta. Wakaenda nayo mlangoni mwa choo, mbali na spika, Irine akisoma na Marietha akisimamisha kidole chini ya kila mstari.

Elfu sabini na tisa ilikuwa ya kuanzia. Baada ya hapo jero, yaani mia tano, kila siku, siku mia tatu sitini na tano. Siku usipolipa, simu inajifunga yenyewe mpaka ulipe. Laini ya mtandao mwingine haiingii. Bando la kupiga video halimo.

Irine alipiga hesabu kwenye simu yake, akaifuta, akapiga tena. "Laki mbili sitini na moja na mia tano," akasema polepole. "Mama Konsta, pale dukani kwa yule wa karibu na benki kuna simu kama hii, laini mbili, laki moja na sabini. Mimi nimeiona."

"Najua. Nimeiuliza Alhamisi."

"Basi usinunue hii. Nakwambia mimi ninayepata kamisheni. Subiri miezi mitatu, uikusanye ile laki na sabini."

Marietha aliitazama foleni ya pale hemani. Alikuwa na elfu themanini na nne, mgawo wake wa kikoba, kwenye mfuko alioushona ndani ya sketi. Mahindi ya mwaka ule yalikuwa yamekauka shambani kabla ya kubeba. Miezi mitatu ingeweza kuwa sita.

"Miezi mitatu nimeshasubiri," akasema. "Kuna mtu ameshika simu ya mdogo wangu, sijui amemfanya nini. Kajaze hiyo fomu."

"Wanakuibia, mama."

"Najua wanaponiibia na najua kiasi gani. Wengine wale pale hawajui. Andika jina langu vizuri, Marietha kwa 'th'."

Irine alijaza fomu huku machozi yakimlengalenga, hata mwenyewe hakujua kwa nini. Kisha, bila kuombwa, alirudi kwenye foleni akaanza kumwambia mmoja mmoja hesabu ya mwaka mzima. Wengine walimshukuru wakaondoka, Kuyioni akiwa wa kwanza. Wengi walibaki. Msimamizi wake alimwita pembeni, akazungumza naye huku akimnyooshea kidole. Ijumaa iliyofuata aliambiwa aurudishe mwavuli wa kampuni.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumamosi ile, saa saba mchana, Marietha alikuwa amerudi kwenye kiti chake, simu ya bluu mkononi, na Irine ameinama juu yake akimwekea namba. Walipiga kwa video. Iliita, haikupokelewa. Marietha akaandika, akitafuta kila herufi: *Ni mimi dada yako. Nimenunua. Uliahidi.*

Jibu lilikawia. *Hongera sana dada. Leo niko na kazi. Labda wiki ijayo.*

"Unaona?" Marietha akasema. "Unaona, Irine?"

"Muulize kitu ambacho yeye tu anakijua."

Marietha akafikiri. Jina la mbuzi wa nyumbani, mtu anaweza kulijua. Jina la mama, liko kwenye vitambulisho. Akaandika: *Kama wewe ni Benadetha, niambie jina unaloniita.*

Safari hii walingoja muda mrefu zaidi. Basi la kwenda Kondoa liliondoka. Kisha skrini ikawaka.

*Jina lako haliandikwi.*

Marietha alishika mdomo. Maneno yalikuwa ya mtu aliyesoma, lakini jibu lilikuwa la Benadetha, na hakuna mwingine duniani ambaye angelitoa. Alikuwa hai, basi, na alikuwa amekaa karibu na yule anayeandika. Akaandika kwa haraka, bila kusahihisha makosa: *Nionyehse.*

Simu ikaanza kuita.

Kwanza waliona dari ya mbao. Halafu ukatokea uso wa mwanamke wa makamo, amefunga kitambaa kichwani, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyekamatwa.

"Wewe ni nani?" Marietha akapaza sauti mpaka wapiga debe wakageuka. "Mdogo wangu yuko wapi? Umemfanya nini?"

"Dada, shikamoo. Tafadhali usipige kelele. Mimi ni Rogathe, ni mwenye nyumba wake. Nafundisha chekechea hapa. Mimi ndiye ninayeandika."

"Na simu ulipokea wewe ukanyamaza?"

"Ni mimi. Alinisihi nisiseme neno. Dada, yuko hapa. Nilikuwa namwandikia kwenye daftari kila siku, mwonyeshe dada yako, mwonyeshe, hataki."

Picha ikazunguka. Benadetha alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunika kitenge mpaka shingoni kama mtu mwenye homa. Alikuwa amekonda. Alimtazama dada yake. Kisha mkono wa kushoto ukatoka ndani ya kitenge, kidole kikapita juu ya nyusi.

Marietha akamjibu kwa jina lake. Akauliza kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu: *mkono mwingine?*

Benadetha akatikisa kichwa. Marietha akauliza tena. Irine akaichukua simu, akaishika yeye mbele ya uso wa Marietha, na sasa Marietha alikuwa na mikono miwili. Hakuuliza mara ya tatu. Alisema tu, kwa alama ya zamani, ile ya utotoni ambayo haimo kwenye kitabu chochote: *baridi, sogea kwangu.*

Benadetha akafungua kitenge. Mkono wa kulia ulikuwa na kidole gumba na kidole kidogo. Vitatu vya katikati havikuwapo, na ngozi ilikuwa imefunga juu yake, nyekundu na laini.

Alieleza kwa kusuasua, na mara nyingi ilibidi arudie. Ilikuwa Machi, mashine ya kuranda. Hakusikia walipompigia kelele kwamba kinga ya kisu imelegea, kinga ambayo fundi alikuwa ameambiwa aikaze wiki moja kabla. Hospitali alikaa wiki tatu. Alama nyingi zilikuwa zimevunjika: neno lililohitaji vidole viwili likawa halina mwili, "wiki" ilifanana na "moto", na "dada" aliifanya kwa mkono wa kushoto kama mtoto anayejifunza. Marietha alikodoa macho, akakisia, akakosea, akarekebishwa. *Kwa nini ulinificha?*

*Wewe ulikataza. Mimi kichwa ngumu.* Akautazama mkono wake wa kulia. *Tena mkono umekufa nusu. Nilifikiri hutanielewa tena. Duniani mtu wangu wa kuongea ni wewe.*

*Nimekuelewa,* Marietha akasema. *Polepole, lakini nimekuelewa.*

Walizungumza nusu saa. Irine alishika simu mpaka mkono ukafa ganzi, akabadilisha. Abiria walisimama kutazama, wengine wakaacha sarafu kwenye meza, wengine wakaingia chooni na kutoka bila kutoa hata senti, na hakuna aliyewauliza.

Ni Rogathe aliyetaja karatasi ya kiwanda, simu ikiwa karibu kukatwa. Alirudi kwenye picha akasema kwamba karani wa kiwanda anakuja Jumatatu, anawapa laki tatu za pole, Benadetha aweke dole gumba tu, mambo yaishe. "Mimi nimeona ni msaada mzuri, dada."

Marietha alipangusa uso kwa upande wa khanga. Irine alisema baadaye kwamba aliuona uso ule ukibadilika, ukawa ule ule wa kila siku mlangoni.

"Karatasi gani?" akauliza. "Hiyo karatasi unayo hapo? Isogeze. Sogeza zaidi. Irine, andika."

Ilikuwa mistari sita. Ilisema kwamba aliyetajwa amepokea shilingi laki tatu na hana dai lolote kwa kiwanda, sasa wala baadaye. Haikutaja vidole. Haikutaja mashine wala tarehe.

"Asiweke dole," Marietha akasema. "Mwambie huyo karani aje. Na akija, mnipigie."

Jumatatu karani alikuja na wino wake kwenye kikopo. Rogathe aliiegemeza simu kwenye chupa ya chai juu ya meza. Karani, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliuliza yule mama kwenye simu ni nani.

"Ni dada yake," Rogathe akasema.

"Shikamoo mama. Hili ni jambo dogo la ofisi. Tungeomba simu izimwe kwanza."

"Marahaba, baba. Haizimwi. Nisomee hiyo karatasi kuanzia juu."

Karani akasoma, haraka. Marietha akamwomba asome polepole, kwa sababu anamtafsiria mwenye mkono. Akasoma tena, na kila mstari Marietha aliugeuza kuwa alama, na Benadetha akaitikia au akakunja uso.

"Ajali ilitokea lini? Sijaisikia tarehe."

"Tarehe inajulikana, mama."

"Inajulikana na nani? Iandike. Mashine iliyokata, iandike. Kinga iliyolegea, iandike, na fundi aliyeambiwa wiki moja kabla, mwandike. Mkataba wake wa kazi uko wapi? Kuna mfuko wa serikali wa kuwalipa walioumia kazini, nimeambiwa na mtu anayejua, na mwajiri ndiye anayepeleka taarifa. Taarifa mmepeleka lini?"

Mtu anayejua alikuwa abiria mmoja, wakili aliyekuwa akingoja basi la Singida Jumapili. Marietha alimzuia mlangoni, akamwambia haja ndogo atamsamehe mia tatu yake kama atajibu maswali manne. Alijibu tisa.

Karani alifunga kikopo cha wino. Alisema atarudi na wakubwa wake. Hakurudi, lakini wiki mbili baadaye Rogathe alimpeleka Benadetha kwa ofisa kazi wa wilaya, simu ikiwa imeegemezwa sasa kwenye mafaili, na taarifa ikaandikwa upya ikiwa na tarehe, mashine, na vidole vitatu.

Haikuwa rahisi. Fomu moja ilipotea, nyingine ikarudishwa kwa sababu ya jina kukosewa. Siku mbili mwezi Agosti Marietha hakuwa na jero, simu ikajifunga kama ilivyoandikwa, na alikaa siku hizo mbili akiitazama kama anavyomtazama mtu aliyekataa kulipa. Irine, ambaye sasa alikuwa na kibanda chake mwenyewe cha kuuza makava ya simu na chaja, alitaka kumkopesha. Marietha alikataa siku ya kwanza, akakubali ya pili.

Mafinga Benadetha hakuondoka. Kiwanda kingine, kidogo, kilimpa kazi ya kuhesabu mbao zinazopakiwa, kazi ya macho na kalamu, na alikuwa anajifunza kuishika kalamu kwa kushoto. Marietha alimwomba arudi nyumbani. Benadetha akasema hapana, kwa alama ambayo haihitaji vidole vingi, na safari hii hawakuiweka mikono mapajani.

Malipo ya fidia yaliingia mwishoni mwa Oktoba. Marietha alimtaka Rogathe aisogeze simu kwenye karatasi ya benki, akasoma tarakimu moja moja mpaka senti, akauliza makato yale mawili ni ya nini, akajibiwa. Akataka aone na ukurasa wa nyuma. Ulikuwa mweupe. Ndipo alipomwambia mdogo wake aende akale, chakula kinapoa.